Je, wajua juu ya nini ngombe mwenye ugonjwa wa kupe anaanza kuvimba chini ya sikio?

Ukipanda kutoka Goma kwenda Masisi, kule fromaji inatoka, utaona mfugaji asubuhi anapitisha vidole chini ya sikio la ngombe, anabonyeza polepole, kisha anachungulia ndani ya sikio. Anatafuta tezi. Kama imevimba na mwili uko na moto, anajua ikibagarira imeingia, ile Watanzania wanaita ndigana kali. Sasa juu ya nini tezi ya pale, si ya mguu?

Sababu ni kupe wa kahawia, Rhipicephalus appendiculatus, akiwa mkubwa anapenda sana kukaa masikioni. Mate yake njo yanaingiza kidudu Theileria parva, na hicho kinaenda moja kwa moja kwenye chembe nyeupe za damu na kufanya jambo la kutisha kabisa: hakiiui chembe, kinailazimisha igawanyike, na kila ikigawanyika nacho kinagawanyika, moja zinakuwa mbili, mbili nne, karibu kama kansa. Tezi ya karibu na sikio njo inajaa ya kwanza. Halafu vinasambaa mwili mzima, joto linapita 40, mapafu yanajaa maji, povu linatoka puani, na Friesian wale wa maziwa mengi wanaumia kuliko ngombe wa kienyeji.

Kitu wengi hawajui, na kinaniuma kwa kweli maana kingeokoa ndama wengi: kupe akijishika leo hapitishi ugonjwa leo leo. Vidudu kwenye mate yake vinahitaji siku kama 3 mpaka 5 za kunyonya ndiyo vikomae, kwa hiyo kupiga dawa ya kupe mara mbili kwa wiki kunamkata kabla hajamaliza kazi yake. Tena kupe hazaliwi nacho, anakipata akinyonya ngombe aliyekibeba, hata yule aliyepona zamani na anaonekana mzima.

Dawa ipo, buparvakwoni, ila inafanya kazi vizuri ikichomwa mapema, tezi imevimba tu na ngombe bado anakula majani. Mapafu yakishajaa maji, sindano mara nyingi haimuokoi tena.