Viti vya Kamati za Halmashauri: Dhana Potofu na Ukweli kuhusu Uwiano wa Vyama Nchini England na Wales

Kila mwaka, uchaguzi wa madiwani unapomalizika mwezi Mei na kabla ya mkutano mkuu wa mwaka wa halmashauri, kazi yangu ni kuketi na viongozi wa makundi ya kisiasa na kupitia nao jedwali la mgao wa viti vya kamati. Madai ninayoyasikia hayabadiliki. Yanatoka kwa madiwani wapya, wakiwamo wenzetu waliozaliwa Afrika Mashariki, na pia kwa madiwani wa miaka mingi ambao walipaswa kuwa wameisoma sheria siku nyingi. Sheria yenyewe si ndefu: ni vifungu vya 15, 16 na 17 vya Sheria ya Serikali za Mitaa na Nyumba ya mwaka 1989, pamoja na kanuni zake za mwaka 1990. Ilitungwa baada ya kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na wakili David Widdicombe kutoa ripoti yake mwaka 1986. Kabla ya hapo hakukuwa na sheria iliyokizuia chama chenye wingi kuzijaza kamati kwa watu wake peke yao, na kuna halmashauri zilizofanya hivyo bila kificho.

Dhana: "Chukua asilimia ya chama, zidisha kwa viti vya kila kamati, kadiria, na kazi imekwisha."

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwa sababu inafanana na ukweli kiasi kwamba mtu haoni haja ya kuihakiki, na kwa sababu madhara yake humwangukia diwani ambaye hana wingi wa kujitetea.

Kifungu cha 15 kina misingi minne, na misingi hiyo ina daraja: wa juu hushinda wa chini pale inapogongana. Wa kwanza ni kwamba viti vyote vya kamati visiende kwa kundi moja. Wa pili ni kwamba kundi lenye zaidi ya nusu ya madiwani wote lazima lipate zaidi ya nusu ya viti katika kila kamati. Wa tatu ni kwamba ukijumlisha viti vya kamati zote za kawaida, kila kundi lipate sehemu ya jumla hiyo inayolingana na sehemu yake ya madiwani. Wa nne, ambao ni wa mwisho kwa nguvu, ndio unaodai uwiano ndani ya kila kamati peke yake. Yote hii hutekelezwa kadiri inavyowezekana, kwa kuwa diwani hakatwi nusu. Ina maana kwamba anayeanza kwa kukadiria kamati moja moja ameanzia kwenye msingi wa nne na kuuruka ule wa tatu, ambao sheria imeuweka juu yake.

Tuchukue mfano wenye tarakimu. Halmashauri ina madiwani 50: kundi A lina 28, kundi B lina 19, na kundi C lina 3. Kuna kamati saba za kawaida, kila moja ina viti 7, hivyo jumla ni viti 49. Kwa njia ya mkato, hesabu ya kila kamati ni kwamba A inastahili 3.92, B 2.66 na C 0.42. Ukikadiria unapata 4, 3 na 0, jumla 7. Jedwali linavutia macho, hakuna kiti kilichobaki wala kilichozidi, na kila anayelitazama huridhika. Lakini rudia hesabu hiyo katika kamati zote saba, kisha ujumlishe: A ina viti 28, B ina 21, na C haina kiti hata kimoja. Madiwani watatu waliochaguliwa na wananchi kama wenzao wamefungiwa mlango wa kila kamati, na hakuna aliyekusudia kuwaonea.

Sasa fuata daraja la sheria. A ina zaidi ya nusu ya madiwani, kwa hiyo lazima iwe na viti 4 kati ya 7 katika kila kamati, yaani 28. Hivyo haviguswi, ingawa uwiano wa jumla ungeipa 27.44 tu. Vinabaki viti 21. Kwa uwiano wa jumla B inastahili 18.62 na C inastahili 2.94. Namba hizo mbili zinazidi 21 kidogo, kwa hiyo lazima mmoja apunguziwe, na njia inayotumika sana ni kumpa kiti cha mwisho yule mwenye sehemu kubwa zaidi ya desimali. Desimali ya C ni 94 na ya B ni 62, hivyo B inabaki na 18 na C inapata 3. Katika kamati tatu muundo utakuwa 4, 2 na 1. Katika nne utakuwa 4, 3 na 0. Hapo kiongozi wa B huniambia kwamba ananyang'anywa viti vitatu. Hakuna anachonyang'anywa. Viti hivyo havikuwa vyake tangu mwanzo. Njia ya mkato ndiyo iliyomwonyesha viti vya mwenzake.

Wapo wanaonijibu kwamba basi kamati ziongezwe ukubwa ili wadogo waingie. Tujaribu hilo nalo. Kamati saba zikiwa na viti 9 kila moja, jumla ni 63. Kwa njia ya mkato kila kamati inatoa 5.04, 3.42 na 0.54, ambazo zinakadiriwa kuwa 5, 3 na 1. Jumla yake ni A 35, B 21 na C 7. Kwa uwiano wa jumla, A inastahili 35.28, B 23.94 na C 3.78, yaani 35, 24 na 4. Safari hii njia ile ile iliyomnyima C kila kitu imempa viti vitatu vya ziada, na aliyeumia ni B. Njia ya mkato haina upande inaoupendelea. Inakosea tu, na kosa lake huzidi kadiri kamati zinavyokuwa nyingi.

Ushauri ninaoutoa kwa kila halmashauri ni kwamba jedwali lianze na mstari wa jumla, kabla ya jina la kamati yoyote kuandikwa. Kwanza pangeni idadi ya kamati na ukubwa wake. Pili pateni stahili ya jumla ya kila kundi. Ndipo mjadiliane ni kundi lipi litaachia kiti katika kamati ipi. Majadiliano hayo ndiyo sehemu ngumu, kwa kuwa sheria haisemi viti vitatu vya C viwe katika kamati zipi, na kila mtu anaitaka kamati ya mipango miji inayoamua maombi ya vibali vya ujenzi. Viongozi wa makundi wanaweza kukubaliana; wasipokubaliana, baraza zima la halmashauri ndilo linaloamua. Ikumbukwe pia kwamba kamati ndogo, yaani zile zinazoundwa chini ya kamati nyingine, haziingizwi katika jumla hiyo kubwa. Zinapimwa kila moja peke yake, na nimeona majedwali yaliyoharibika kwa sababu tu mtu alizichanganya humo.

Dhana: "Chama kinachoongoza halmashauri lazima kiwe na wingi katika kila kamati."

Msingi wa pili unahusu kundi lenye zaidi ya nusu ya madiwani wote. Hauhusu chama kilichotoa kiongozi wa halmashauri. Kundi lenye madiwani 21 kati ya 50 linaweza kuongoza kwa kuungwa mkono na wengine, lakini katika kamati litapata sehemu yake ya asilimia 42 na si zaidi. Makundi mawili yaliyofunga mkataba wa kuongoza pamoja nayo yanahesabiwa kama makundi mawili, maadamu hayajajiandikisha kuwa kundi moja. Katika halmashauri nyingi za England siku hizi hakuna chama chenye wingi, na viongozi wengi hulijua jambo hili siku ya kwanza wanaposhindwa kura katika kamati waliyodhani ni yao.

Dhana: "Viti vya kamati hufuata kura ambazo chama kilipata."

Hapana. Kinachohesabiwa ni madiwani walioko katika kundi, basi. Chama kilichopata theluthi ya kura za mji mzima na kuambulia diwani mmoja hakina dai lolote kwa msingi wa kura hizo. Naelewa dhana hii inatoka wapi kwa baadhi ya wasomaji wetu: Tanzania, viti maalumu vya wanawake bungeni hugawanywa kwa kuangalia kura, na chama lazima kifikishe angalau asilimia 5. Msomaji wa Kenya huielewa kanuni ya England kwa haraka zaidi, kwa kuwa Ibara ya 177 ya Katiba ya Kenya hugawa viti maalumu vya bunge la kaunti kulingana na viti ambavyo kila chama kimeshinda katika wadi.

Dhana: "Wenye wingi ndio wanaochagua ni nani kati ya wapinzani aingie kwenye kamati."

Dhana hii ni ya hatari, na ningependa kila diwani mpya wa upinzani aijue dawa yake. Kifungu cha 16 kinaibebesha halmashauri wajibu wa kuteua wale ambao kundi lenyewe limewataka. Baraza linapopiga kura kuwateua, halifanyi mchujo. Linatekeleza matakwa ya kundi, na mwenyekiti wa kikao hana mamlaka ya kusema kwamba fulani ni mkorofi, kwa hiyo aletwe mwingine. Kwa upande wa pili, kundi linalosusia kutaja majina ndani ya muda uliowekwa na kanuni huiachia halmashauri nafasi ya kuteua inavyoona inafaa. Majina yapelekwe mapema, tena kwa maandishi.

Dhana: "Mimi ni diwani pekee wa chama changu, kwa hiyo nina haki ya kiti kimoja."

Kundi la kisiasa huanzia madiwani wawili. Huundwa kwa taarifa ya maandishi iliyosainiwa na kukabidhiwa kwa ofisa husika wa halmashauri, ikitaja jina la kundi na kiongozi wake. Diwani aliye peke yake si kundi, na kifungu cha 15 hakimpi stahili yake mwenyewe. Anachoweza kupata ni kiti kinachobaki baada ya makundi kupewa stahili zao, na kiti cha aina hiyo hujazwa na diwani asiye na kundi ambaye baraza limemteua. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kundi si lazima liwe la chama kimoja. Diwani huru na diwani wa chama kidogo wanaweza kusaini taarifa moja, wakawa kundi kwa ajili ya viti vya kamati, na kila mmoja akabaki na msimamo wake. Huwa nasikitika ninapokuta madiwani wawili wapweke wameketi viti vya jirani mwaka mzima bila kufahamu hilo.

Dhana: "Hata baraza tendaji lazima liwe na wapinzani."

Baraza tendaji, yaani kiongozi na madiwani anaowapa majukumu ya idara, halimo katika kanuni ya uwiano. Tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2000, linaweza kuwa la chama kimoja. Kamati za usimamizi, zinazolihoji baraza hilo, ndizo zinazolazimika kuwa na uwiano. Wala kanuni hii haizigusi halmashauri za parokia, yaani zile za ngazi ya chini kabisa.

Dhana: "Wenyeviti wa kamati nao hugawanywa kwa uwiano."

England, hapana: sheria inagawa viti na kunyamaza kuhusu uenyekiti, na ndiyo maana mara nyingi wenye wingi hujichukulia wote. Wales imekwenda mbele zaidi kwa sheria yake ya mwaka 2011, inayoweka utaratibu wa kugawa uenyekiti wa kamati za usimamizi miongoni mwa makundi. Naamini England ingefanya vyema kuiga.

Dhana: "Tukikubaliana kwa theluthi mbili, tunaweza kuuweka uwiano kando."

Theluthi mbili haipo popote katika sheria hii. Kifungu cha 17 kinaruhusu mgao tofauti kwa sharti moja tu, kwamba asiwepo diwani hata mmoja anayepiga kura ya kupinga. Madiwani 49 wakiunga mkono na mmoja akapinga, pendekezo limekufa. Madiwani 30 wakiunga mkono, 20 wakajizuia na hakuna aliyepinga, limepita. Kujizuia si kupinga. Kwa diwani wa kundi dogo hii ni silaha kubwa kuliko kiti chenyewe, mradi awepo ukumbini na ainue mkono wakati kura zinapohesabiwa. Asome ajenda kabla ya kikao, kwa sababu pendekezo la aina hii lazima litangazwe mapema kwa madiwani wote, na lugha inayotumika humo mara nyingi ni ya upole, kama vile "marekebisho ya muundo wa kamati".

Dhana: "Mgao ukishapitishwa, umepita mpaka uchaguzi ujao."

Mgao hupitiwa upya kila mwaka, katika mkutano mkuu au mara baada yake, na unaweza kulazimika kupitiwa katikati ya mwaka muundo wa makundi unapobadilika. Katika mfano wetu, madiwani watatu wa B wakihamia C, A haipungukiwi kitu: inabaki na viti vyake 28. Lakini stahili ya C inapanda hadi 5.88 na ya B inashuka hadi 15.68, hivyo viti 21 vilivyobaki vinakuwa 15 kwa B na 6 kwa C. Kiongozi wa C asisubiri mwezi Mei. Aandike siku hiyo hiyo kwa ofisa husika, aambatanishe taarifa iliyosainiwa na waliohamia, na aombe jedwali zima lenye mstari wa jumla.