Je, wajua kwa nini Mwingereza hukusalimia kwa hali ya hewa?

Mwaka 1758 Samuel Johnson, yule mtunga kamusi, aliandika kwamba Waingereza wawili wakikutana, cha kwanza kuzungumza ni hali ya hewa. Hadi leo ni yale yale. Mko kituo cha basi, hamjuani, mtu anakugeukia: “Chilly today, isn't it?” Mgeni hujiuliza, kwani huyu anadhani mimi sisikii baridi?

Hakupi taarifa, anakuamkia. Sisi tunapoulizana habari za nyumbani, anayeuliza hasubiri orodha ya wagonjwa. Na wao ni hivyo hivyo. Kile kimkia cha “isn't it?” ndicho kinachoomba uitikie, na kuitikia ni kukubali: “Yes, it is, isn't it?” Mwanaanthropolojia Kate Fox, Mwingereza aliyewachunguza Waingereza wenzake, anasisitiza jambo hilo. Ukimbishia, hata kama hoja unayo, umekataa salamu.

Mbona wasiulizane habari za watoto? Kwa mtu usiyemjua, kule huo ni umbeya. Mbingu haina mwenyewe, na haiishi vituko: visiwa vyao vimekaa pale hewa baridi ya kaskazini inapokutana na hewa ya joto ya kusini, huku bahari ya Atlantiki ikiwasukumia unyevu. Jua la saa tatu asubuhi laweza kuwa mvua saa tano. Pwani yetu masika ina miezi yake, kusi na kaskazi vivyo hivyo, kwa hiyo mvua ya Aprili si habari kwa mtu. Na msidhani London inatushinda kwa mvua. Kwa mwaka hupata kama milimita 600, wakati Dar es Salaam huvuka 1,000. Ila ya London ni ya kudonadona, Januari mpaka Desemba.

Katika kusema, Mwingereza hupunguza makali. “A bit chilly” yaweza kuwa baridi ya kugonganisha meno, na “not too bad” ni sifa kubwa tu. Manyunyu yakianza atasema “it's spitting”. Ikimwagika, “it's pouring”, au kwa lugha ya mtaani “it's chucking it down”. Ile “it's raining cats and dogs” tuliyokaririshwa shuleni utaisikia kwa nadra mno, na mimi ningeiacha humo humo daftarini.

Tena usimuulize “What's the weather like?” mtu mliyesimama naye chini ya mwavuli mmoja. Hilo ni swali la simu, la kumuuliza aliye mbali. Aliye karibu mwambie tu “Lovely day, isn't it?”, halafu mwache akubali.