Meno ya Tairi Hayataji Umri Wake

Juma lililopita mteja aliniletea gari lililoshuka melini siku chache tu kabla, akachomeka sarafu katikati ya meno ya tairi na kuniambia kwa furaha, "Fundi, haya usiyaguse, yametoka nayo kiwandani, na meno yake bado marefu." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na safari hii nimeamua kuyajibu kwa maandishi, ili atakayefuata nimpe asome nami niendelee na kazi.

Kwa gari la miaka tisa, habari ya kiwandani kwa kawaida haina ukweli. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, ambazo aghalabu hufunga mlolongo unaoanza na herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 3114 ni wiki ya 31 ya mwaka 2014. Zikiwa tatu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, na hapo hatuna mjadala. Mara nyingi mlolongo kamili huwa upande mmoja tu, na upande huo una tabia ya kugeukia ndani, hivyo fundi hulazimika kulala chini ya gari na tochi. Nililala, nikakuta tarehe tatu tofauti katika magurudumu manne, na tairi la akiba likiwa kongwe kuliko yote.

Sarafu ya mteja ilipima kile ambacho sheria hupima. Japani, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zote hudai kina cha meno kisichopungua milimita 1.6 kwa magari madogo, na zaidi ya hapo umri wa tairi la gari binafsi kwa kawaida hauwashughulishi wakaguzi. Septemba 2012, nchini Uingereza, basi lililokuwa likirudisha watu kutoka kwenye tamasha lilipasuka tairi la mbele na kugonga mti, watu watatu wakafariki. Tairi hilo lilikuwa na miaka 19, limelizidi umri hata basi lenyewe, wala hapakuwa na sheria iliyolikataza. Katazo la matairi yaliyopita miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya mabasi na malori lilianza huko Februari 2021, na magari madogo hayakuguswa.

Kinachonikera zaidi ni majigambo kwamba gari limetembea kilomita chache. Mpira wa tairi huchanganywa na nta na kemikali za kuukinga na ozoni, na kinga hiyo hupanda juu vizuri pale tairi linapozunguka na kukunjika. Gari likisimama miezi mingi uwanjani, kisha bandarini, kinga hulala na jua haliachi kazi yake. Wakati huohuo oksijeni ya upepo uliomo ndani hupenya polepole hadi kwenye mpira unaoshika waya za chuma zilizomo ndani ya tairi, ambako tabaka huanza kuachana bila kuonekana kwa nje. Ndiyo maana gari lililotembea kidogo kwa miaka mingi hunitia shaka kuliko lililochakaa kwa safari, na ndiyo maana tairi la akiba, ambalo halijawahi kugusa barabara, nalo huzeeka. Ukitaka kuona dalili, bonyeza mpira kwa kidole gumba na utazame chini kabisa ya mifereji, kwa maana nyufa hujificha hapo.

Ni lini hasa tairi limekufa? Baadhi ya watengenezaji wa magari hutaja miaka 6, na baadhi ya watengenezaji wa matairi hutaja 10. Mimi nimeshika 8, na mbele ya mwanakemia nisingeweza kuitetea. Niliwahi kulikataa tairi, nikalipasua baadaye kwa udadisi na kukuta waya umeshikwa imara. Nimepasua pia lililong'aa nikakuta tabaka limeachana kwa upana wa kiganja.

Kuna pia matairi mazima yasiyoruhusiwa. Tairi lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huenda likakosa herufi E ndani ya duara, yaani alama ya kuidhinishwa kwa kanuni za kimataifa, na nchi inayoidai alama hiyo haitajali uzuri wa mpira. Tairi la theluji lenye herufi Q mwishoni mwa maandishi ya ukubwa wake ubavuni, kikomo chake ni kilomita 160 kwa saa, na mpira wake laini huchakaa upesi kwenye lami ya moto. Namba ya uzito, inayotangulia herufi hiyo ya kasi, nayo isishushwe: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 88 ni kilo 560 tu.

Mteja wangu alikubali kubadilisha matatu, na la nne, la mwaka 2021, nililirudisha mwenyewe. Lile kongwe bado liko kwenye buti, kwa amri yake, kwa sababu lina meno.