Washington Nationals 2019: walivyotoka 19 kwa 31

Usiku wa Septemba 3, 2019 niliondoka Nationals Park, uwanja wa timu ya besiboli ya Washington, mechi ikiwa haijaisha. Kazi yangu ni takwimu, na takwimu zilikuwa wazi: Mets wa New York wametoka kuongeza mikimbio mitano (mkimbio ndiyo alama ya besiboli) kwenye raundi ya tisa, ya mwisho, ubao unasoma 10 kwa 4, na Washington wamebakiwa na zamu moja tu ya kupiga. Nikajisemea kesho kuna kazi, nikashuka zangu kituo cha Navy Yard. Nikiwa nasubiri treni, jamaa mmoja mwenye jezi nyekundu akaanza kuhesabu kwa sauti, macho kwenye simu. "Tano." Kimya. "Sita." Kimya kirefu kidogo. "Nane!" Treni ikaja, hakuna aliyepanda. Kurt Suzuki akaupiga mpira ukavuka ukuta, wenzake wawili wakiwa kwenye besi, mikimbio mitatu kwa mpigo mmoja, na mechi ikaisha 11 kwa 10. Nilikuwa nimelipia kiti, halafu nikaisikilizia chini ya ardhi kwa mdomo wa mtu nisiyemjua. Mke wangu hajanisamehe, maana tiketi ilikuwa zawadi yake.

Watu wa nyumbani huwa wananiuliza naipendea nini timu inayofungwa ovyo namna ile. Swali ni la haki. Mwaka ule Nationals walipoteza mechi 69 kabla hata ya mtoano, na ndio waliotwaa ubingwa. Kwa sisi tuliokulia Simba na Yanga, kufungwa mara tano tu msimu mzima kunatosha kocha kufungashiwa virago. Lakini ligi yetu ina mechi 30, besiboli ya Marekani ina 162, karibu kila siku kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Mechi moja ya Ligi Kuu ni sawa na zaidi ya tano za kule. Ukiumia roho kila wanapofungwa, hutafika Juni.

Hata hivyo Mei ile tuliumia. Walikwenda New York wakafungwa mechi nne mfululizo. Ya Mei 22 ndiyo iliyonikata maini: mrushaji wetu Max Scherzer alirusha raundi sita bila kuruhusu mkimbio, Washington wakaongoza 1 kwa 0, na kwenye raundi ya nane warushaji wa akiba wakamwaga sita. Kesho yake tena, wanaongoza 4 kwa 3, raundi ileile ya nane, Carlos Gómez wa Mets akapiga mpira wa mikimbio mitatu. Kocha wetu Dave Martinez alikuwa ameshatolewa nje na mwamuzi kwa kubishana. Mei 23 jioni msimamo ulisoma ushindi 19, vipigo 31.

Mtakwimu mvivu angesema hapo ni bahati mbaya tu, subirini mambo yatajisawazisha. Mimi mwenyewe nilitaka kusema hivyo, lakini hesabu ilinikatalia. Chukua timu ambayo uwezo wake halisi ni kushinda mechi 93 kati ya 162, kama walivyomaliza. Katika mechi 50 ungeitegemea ishinde 28 au 29. Bahati huweza kuyumbisha idadi hiyo kwa tatu au nne, juu au chini. Hiyo ni kawaida kabisa. Kushuka hadi 19 ni karibu mara tatu ya kuyumba huko. Bahati peke yake haifiki hapo mara nyingi. Kuna kitu kilikuwa kimevunjika.

Vilikuwa viwili. Cha kwanza kilivunjika kwelikweli: kidole. Trea Turner, mkimbiaji wao wa kutegemewa, alipigwa na mpira mkononi Aprili 2 akijaribu kuugusa taratibu kwa rungu, akakaa nje hadi katikati ya Mei. Anthony Rendon naye akapigwa kwenye kiwiko, Juan Soto akapata maumivu ya mgongo, na Ryan Zimmerman mguu ukamgomea. Kumbuka Bryce Harper, mpigaji wao nyota, alikuwa ameshahamia Philadelphia kwa mkataba wa dola milioni 330. Kwa hiyo timu iliyofungwa Aprili na Mei, kwa upande wa kupiga, sio ile iliyocheza Julai. Waliporudi wote, mikimbio ikamiminika. Walimaliza msimu wamefunga 873 na kufungwa 724. Kuna kanuni ya mtakwimu wa besiboli Bill James ambayo naipenda kwa urahisi wake: zidisha mikimbio ya kufunga kwa yenyewe, fanya hivyohivyo ile ya kufungwa, kisha uone ya kwanza ni sehemu gani ya jumla ya zote mbili. Hapa inatoa kama asilimia 59, yaani ushindi 96. Walishinda 93. Kuanzia ile mechi ya hamsini na moja walishinda 74 na kupoteza 38, na sioni muujiza katika hilo. Ni timu nzuri iliyopona.

Cha pili hakikupona, na hapa ndipo utamu wa msimu ule ulipo.

Mrushaji anayeanza mechi hurusha raundi tano, sita, saba akiwa na siku njema. Zinazobaki hadi tisa ni za warushaji wa akiba, wanaokaa kwenye uzio wao pembeni ya uwanja wakisubiri simu ya kocha. Akiba ya Washington ilikuwa mbovu kuliko zote kwenye Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda besiboli kuu ya Marekani. Kwa kila raundi tisa waliruhusu mikimbio zaidi ya 5.5, na hiyo ni msimu mzima, si Mei peke yake. Mwishoni mwa Julai waliwaleta watatu, na mmoja, Daniel Hudson, akafaa sana. Tatizo likabaki palepale. Ndio maana Septemba ile Mets walifunga mitano kwenye raundi moja nami nikaenda kupanda treni.

Sasa timu yenye donda la namna hiyo inachukuaje ubingwa? Angalia kalenda. Katika msimu wa kawaida wanacheza kama mechi 27 kwa mwezi. Mrushaji anayeanza anahitaji siku nne za kupumzisha bega, kwa hiyo utake usitake, akiba lazima waingie karibu kila usiku. Oktoba 2019 Washington walicheza mechi 17 kwa siku 30, na baada ya kuwafagia Cardinals wa St. Louis kwenye mtoano walipumzika siku sita nzima. Mapumziko hayo yakamruhusu Martinez kufanya jambo lisilowezekana Mei: kuwatumia waanzaji wake kama akiba, na wale wabovu kuwaacha wakae wakitafuna mbegu za alizeti.

Mechi ya kwanza ya mtoano, Oktoba 1 dhidi ya Milwaukee: Scherzer raundi tano, mwanzaji mwenzake Stephen Strasburg tatu, Hudson moja. Mechi ya mwisho kabisa, Oktoba 30 kule Houston: Scherzer tano, mwanzaji mwingine Patrick Corbin tatu, Hudson moja. Tano, tatu, moja. Nilipoiona karatasi ile ya pili nilicheka peke yangu sebuleni. Bila shaka kulikuwa na bahati pia: dhidi ya Milwaukee walikuwa nyuma 3 kwa 1 raundi ya nane, Soto akapiga, mpira ukampita mlinzi wa kulia Trent Grisham, watatu wakaingia. Na fainali yenyewe haina maelezo yangu yoyote. Mechi saba, na mwenyeji hakushinda hata moja! Washington walishinda nne zote ugenini na kufungwa tatu zote nyumbani. Nimejaribu kuifanyia hesabu, nikaiacha.

Usiku huo wa mwisho nilikaa hadi mwisho, nilishajifunza. Houston wanaongoza 2 kwa 0 hadi raundi ya saba, Rendon anavusha ukuta, kisha Howie Kendrick anaupiga mpira unakwenda kugonga mlingoti wa pembeni kulia, na mlingoti ukiguswa inahesabiwa. Ikaisha 6 kwa 2. Hudson alimfanya Michael Brantley azungushe rungu akapiga hewa, akaivua glovu na kuitupa mbali. Saa za huku zilikuwa sita kasoro usiku, Tanga saa moja kasoro asubuhi. Nikampigia mama, najua yuko jikoni anachemsha chai.

"Wameshinda?" akauliza. "Hao wako wa marungu?"

"Wameshinda, mama. Ubingwa."

"Alhamdulillahi. Na marudiano lini?"