Pingili ya mtoto mchanga haijahama

Kwa mara nyingine nimeletewa mtoto wa wiki sita anayelia kila jioni, pamoja na ombi la kumrudishia mahali pake pingili ya uti wa mgongo "iliyohama wakati wa kuzaliwa". Ombi hili limenichosha, na linanichosha zaidi kwa kuwa walioeneza dhana yenyewe ni wenzangu wa kairopraktiki, tiba ya uti wa mgongo na viungo kwa mikono. D. D. Palmer alipoanzisha fani yetu mwaka 1895 huko Davenport, Marekani, alifundisha kwamba magonjwa mengi hutokana na mifupa iliyohama na kubana neva. Fani ilizaliwa na dhana hiyo. Hailazimiki kuzeeka nayo.

Pingili ya mtoto mchanga bado si mfupa mmoja. Ni vipande vitatu vya mfupa vilivyoshikwa na gegedu, na kwa pingili nyingi kuungana huko hakukamiliki hadi mtoto afikie umri wa kati ya miaka 3 na 6. Uti wake wote una mpindo mmoja tu. Ule wa shingo hujitokeza anapoanza kuinua kichwa, na wa kiuno anapokaa na kusimama. Anayedai kuwa amepapasa kwa vidole akakuta pingili "nje ya mstari" na atueleze kwanza ni mstari upi. Pingili iliyoteguka kweli ni jeraha kubwa la hospitali, na mtoto wa namna hiyo sitamgusa.

Linalonikera kupita yote ni mlio. Wazazi huusubiri, na ukikosekana hunitazama kana kwamba sijafanya kazi. Mlio wa kiungo hauhusiani na mfupa kurudi mahali pake: nyuso mbili za kiungo zinapoachanishwa ghafla, shinikizo katika ute wa kiungo hushuka na uwazi wenye gesi hutokea. Mwaka 1971 watafiti wa Leeds, Uingereza, waliuhusisha mlio na kuporomoka kwa kiputo hicho. Mwaka 2015 picha za MRI zilizopigwa Kanada zikaonyesha mlio ukienda sambamba na kutokea kwake. Na wabishane, katika maelezo yote mawili hakuna mfupa uliosafiri. Mtu aliyealisha vidole vyake asubuhi ataalisha tena jioni, na vidole viko palepale. Kwa mtoto mchanga siutafuti mlio kabisa. Nguvu ninayotumia ni ile ambayo ungeistahimili juu ya kope la jicho lililofumbwa, na kuzungusha shingo ya mtoto kwa ghafla hakumo katika kazi yangu.

Je, mguso huo mwepesi hupunguza kilio? Kilio cha msokoto wa tumbo hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua hadi mwezi wa tatu au wa nne. Mzazi huja kileleni. Hata ningekaa nikisoma gazeti, wiki chache baadaye ningeshukuriwa. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 6 yenye watoto 325: kilio kilipungua, lakini yalipobakishwa yale ambayo wazazi hawakujua nani ametibiwa, tofauti haikuwa tena ya kutegemewa. Wapo watoto wanaosinzia mikononi mwangu kabla sijamaliza, nami siwezi kuapa kwamba ni ufundi, wala kwamba si joto la mikono tu na mama aliyepata hatimaye wa kumsikiliza.

Kichwa kinachoelekea upande mmoja ni jambo jingine: mara nyingi ni msuli wa shingo uliofupika, unaohitaji mazoezi ya kuunyoosha, na kadiri yanavyoanza mapema ndivyo yanavyochukua muda mfupi. Kwa mtoto anayekua, mgongo uliopinda upande hausababishwi na begi la shule, wala mikono yangu haiunyooshi. Mpindo wa nyuzi 25 hadi 40 kwa aliyebakiwa na miaka ya kukua huhitaji daktari wa mifupa na, mara nyingi, mkanda mgumu wa kuvaa mwilini.

Mtoto mchanga mwenye homa, matapishi ya kijani, mwili uliolegea au anayekataa kunyonya apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na miadi yangu ifutwe bila hata kunipigia simu.