Tundu halijafa, lina uzi: yanayoaminika vibaya kuhusu kusafisha na kutengeneza harmonika

Mpwa wangu aliniletea harmonika yake, kile kinanda kidogo cha mdomo, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni kama msiba. "Mjomba, tundu la tano limekufa." Ukipuliza linalia, ukivuta pumzi kimya. Nikafungua skrubu mbili, nikaondoa kifuniko cha chini, nikamulika kwa tochi ya simu. Palikuwa na uzi wa mfuko wa suruali, mfupi kuliko ukope, umebanwa ubavuni mwa ulimi wa shaba, kile kibamba chembamba kinachotetemeka na kutoa sauti. Nikauchomoa kwa kijiti cha meno, likalia.

Hiyo ndiyo dhana inayotupisha harmonika nyingi nzima: kwamba tundu lisilolia limekwisha. Harmonika ya kawaida ya matundu 10 ina ndimi 20. Kumi ziko kwenye bamba la juu na hulia unapopuliza, kumi ziko kwenye bamba la chini na hulia unapovuta. Katikati kuna kiunzi chenye vyumba ambacho mafundi hukiita kitana, na ukikitoa utaona kwa nini. Ulimi hucheza ndani ya mwanya uliokatwa kwenye bamba, na ubavuni nafasi ni ndogo mno, kwa hiyo uzi, chembe ya mkate au mate yaliyokauka yanatosha kuunyamazisha. Kabla ya kushika bisibisi, igonge kiganjani matundu yakiangalia chini, kisha upulize na kuvuta. Kama kinachogoma ni kuvuta tu, anza na bamba la chini, la juu liache.

Wanaoanza huja na shtaka jingine: "Tundu la pili ukivuta ni bovu, nimeuziwa mbovu." Mara nyingi harmonika haina kosa. Taya limekaza, ulimi wa mpigaji umeinuka, na sauti inapinda kwenda chini au inakabwa kabisa. Kwenye harmonika iliyotuniwa kwa ufunguo wa C, kuvuta tundu la 2 na kupuliza tundu la 3 hutoa noti ileile, G. Linganisha. Mpe na mwenzako anayejua avute. Kwake ikilia safi, kinachohitaji matengenezo ni mdomo wako.

Kuna pia wanaosema ukipuliza kwa nguvu uchafu utatoka na ulimi "utafunguka". Nguvu hazifungui kitu, zinauchosha ulimi. Tazama bamba kwa ubavu: ncha ya ulimi imeinuka kidogo juu ya mwanya wake, kama unene wa ulimi wenyewe hivi. Ikiinuka mno, utasikia hewa inapita kwanza ndipo sauti ije. Ikilala mno, unapopiga taratibu inalia, ukiongeza pumzi inakatika. Dawa yake ni kuusukuma ulimi polepole kwa kijiti, kidogo sana, kisha ujaribu tena. Usiukunje kwa kucha.

Sasa maji. Utasikia kwamba wakongwe wa muziki wa blues walizichovya harmonika zao kwenye maji, wengine hata kwenye pombe, ndipo wapige. Ni kweli walichovya. Harmonika aina ya Marine Band ya kampuni ya Hohner, iliyoanza kutengenezwa Trossingen, Ujerumani, mwaka 1896, ilikuwa na kitana cha mti wa peasi. Mti ukilowa huvimba, hewa haivuji, sauti inatoka kubwa. Ila ukikauka hunywea na kupasuka, na baada ya kulowa na kukauka mara kadhaa meno ya kitana hutokeza nje na kukukwaruza midomo. Walilipia sauti ya jioni moja kwa uhai wa chombo. Yenye kitana cha plastiki, mfano Special 20, unaweza kuisuuza kwa maji ya uvuguvugu, ukaikung'uta na kuiacha ikauke. Ya mti ambao haukuzibwa kwa vanishi usiichovye. Na ile ya kromatiki, yenye kitufe pembeni, ina vipande vyembamba vya vali vilivyogandishwa kwenye bamba, juu ya mianya ya ndimi. Maji mengi yatavikunja au kuvibandua.

Mafuta ya cherehani je? Hapana. Yanakamata vumbi, na chombo hiki unakinyonya. Siki iliyochanganywa na maji itang'arisha bamba lililovuliwa, dakika chache tu kisha suuza, lakini usitegemee sauti ibadilike. Mswaki laini na tone la sabuni vinatosha. Piga mswaki kuanzia pale ulimi ulipofungwa kuelekea kwenye ncha. Ukienda kinyume utainasa ncha na kuikunja.

"Ikipoteza tuni, itupe." Hii nayo niliiamini, mpaka nikajifunza kukwangua, na nilijifunza kwa hasara. Ukipunguza shaba kwenye ncha, ulimi unakuwa mwepesi na sauti inapanda. Ukipunguza karibu na ribiti, yaani pini inayoufunga ulimi kwenye bamba, unalegea na sauti inashuka. Mimi nilitaka kupandisha nikakwangua karibu na ribiti. Ikashuka. Nikadhani sijakwangua vya kutosha, nikaongeza. Kwa hiyo ingiza wembe chini ya ulimi uushikilie, kwangua mara mbili tatu, pima kwa programu ya tuni kwenye simu, urudie.

Ila sauti ikishuka ghafla, na siku mbili baada ya kurekebishwa ikashuka tena, ulimi umepata ufa. Hapo kukwangua ni kazi bure. Unabadilisha ulimi au bamba zima, na kwa aina kadhaa mabamba huuzwa peke yake.

Wakati wa kurudisha, kaza skrubu kwa zamu, kila moja kidogo, ukianzia katikati. Bamba lililokazwa upande mmoja huvujisha hewa, na utajikuta unalaumu matundu yote kumi.