Kabla hamjauza kiwanja kwa ajili ya roboti ya mkono

Baba alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala kabisa, na toka siku hiyo hakuna wiki inapita bila ndugu kunitumia video kwenye WhatsApp, mgonjwa kakaa kwenye kiti, mkono umefungwa kwenye mashine, skrini mbele yake, chini wameandika dawa ya kupooza imepatikana. Juzi baba mdogo kapiga simu kabisa, tuuze kile kiwanja tumpeleke mzee nje akafanyiwe na roboti. Nikamwambia baba mdogo naomba unipe siku chache nisome kwanza, na nimesoma kweli, usiku kucha, maana na mimi nilitamani iwe hivo.

Wanasema: we unakaa tu, roboti inakunyanyulia mkono mpaka unapona.

Hapana. Roboti iliyochunguzwa sana kwenye hili inaitwa MIT-Manus, kina Neville Hogan na Hermano Igo Krebs walianza kuitengeneza mwaka 1989 chuoni MIT, Marekani. Mgonjwa anashika mpini, mkono unateleza juu ya meza, kwenye skrini kuna alama anatakiwa aifikie. Anaanza yeye mwenyewe, akikwama au akipotea njia ndo mashine inamsaidia, akiweza inamwachia. Na lazima iwe hivo, kwa sababu mkono wa baba hauna kidonda, kilichoumia ni ubongo upande wa kushoto, na ubongo haujifunzi kwa mkono kuchezeshwa kama wa mwanasesere, unajifunza pale mtu anapojaribu akakosa akajaribu tena, mara nyingi mno.

Wanasema: roboti inamzidi mtu wa mazoezi ya viungo.

Hapa ndo nilikaa sana. Mwaka 2010 Marekani walitoa majibu ya wagonjwa 127, hospitali nne za wanajeshi wastaafu, vipindi 36 ndani ya wiki 12. Kundi moja roboti, kundi lingine mtaalamu wa kawaida ila anamfanyisha mgonjwa mazoezi mengi kama ya roboti, kundi la tatu huduma ya kawaida tu. Wiki ya 12 hakuna tofauti ya maana, wiki ya 36 roboti ikaipita kidogo huduma ya kawaida, lakini yule mtaalamu wa mazoezi mengi haikumpita. Halafu 2019 Uingereza wakatoa utafiti mkubwa zaidi, watu 770. Waliofikia lengo la kuutumia mkono: roboti asilimia 44, mazoezi mengi na mtaalamu 50, huduma ya kawaida 42, na tofauti hizo hazikutosha kusema kuna aliyeshinda. Yani kwenye vipimo mkono wa watu wa roboti ulijongea vizuri zaidi, ila ukija kwenye kazi zenyewe, kushika kikombe, kufunga kifungo, faida haikuonekana. Sisemi roboti haifai, ukikusanya tafiti zote pamoja inasaidia mkono. Lakini kuuza kiwanja ni jambo jingine.

Wanasema: ikipita miezi sita toka kiharusi, basi tena.

Miezi ya mwanzo mkono unarudi haraka zaidi, hilo kweli. Ila wale 127 wote walishapita miezi sita, wengi miaka, na bado wapo waliopata nafuu. Nafuu ndogo, lakini nafuu.

Wanasema: bila mashine hakuna cha kufanya.

Hii ndo inaniuma kuliko zote maana inafanya watu wanakaa. Uzuri wa roboti ni idadi. Kwenye ule utafiti wa 2010 kipindi kimoja kilikuwa na mijongeo zaidi ya elfu moja, wakati watafiti waliopita kwenye kliniki za kawaida Amerika walikuta mkono unafanyishwa kazi kama mara 32 tu kwa kipindi. Thelathini na mbili! Kwa hiyo sisi tumemwomba mtaalamu aje nyumbani mara tatu kwa wiki, siku nyingine baba anateleza kitambaa juu ya meza kwenda mbele na kurudi, anasukuma kopo la sukari, na mdogo wangu anahesabu kwa sauti. Mtaalamu katukataza mawili: tusimvute kwa ule mkono tunapomwinua, bega linachomoka, na tuache kumkanda na maji ya moto sana, mkono uliokufa ganzi unaungua mtu hasikii.

Baba mdogo nimempigia jana. Kiwanja kinabaki, na amesema Jumamosi anakuja na yeye kuhesabu.